Kima cha chini kikipanda, pengo linapungua au linahamia kwa jirani?

Mwl. wa Zamu: Wakuu, Mei Mosi hii ya 2025 pale Singida tumetangaziwa kima cha chini serikalini kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1. Sibezi, mimi mwenyewe mnufaika. Ila najiuliza: hii inapunguza pengo la kipato nchini, au inatunyanyua sisi wenye ajira rasmi na kuwaacha wakulima na vibarua pale pale? Hoja, si matusi.

Kinyozi Mbagala: Mimi saluni sina kima cha chini wala cha juu. Julai bado, lakini mwenye fremu keshapita: "nasikia mishahara imepanda". Nimemwambia mimi si mtumishi, kacheka tu.

Mama Abdul: Kila Mei Mosi sisi wenye biashara tunageuzwa wanyonyaji. Nina duka la vifaa vya umeme, vijana wawili, kila mmoja 150,000 kama amri ya serikali ya 2022 ya mishahara ya sekta binafsi inavyotaka. Mkitupandishia hadi laki tatu nabaki na mmoja. Huyo ataneemeka, mwenzie akapige debe Mbezi. Hapo pengo limepungua? Wanyonge tunawajali, hata dada wa kazi namlipa 70,000, anakula bure, analala bure, na vocha namnunulia.

Binti Singano: Vocha. Jamani, vocha.

Kipanga: Mimi nimekwama kwenye "analala bure". Analala saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri anaandaa watoto wa basi la shule, saa nne usiku anamsubiri baba mwenye nyumba amfungulie geti. Sheria ya kazi ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Zake zinaisha Jumatano.

Mama Abdul: Kipanga, nyumba yangu unaijulia wapi? Baba Abdul saa moja keshaoga. Na amri hiyo hiyo imeweka 60,000 kwa dada anayeishi kwa mwajiri. Nimezidisha elfu kumi. Kagombane na gazeti la serikali.

Kipanga: Elfu kumi! Mjengewe sanamu.

Afisa Utumishi Mstaafu: Kwenye tarakimu mama yuko sahihi. Amri ya 2022: anayeishi kwa mwajiri 60,000, asiyeishi kwake 120,000, anayefanya kwa balozi au mfanyabiashara mkubwa 250,000. Deki ni ile ile, mshahara unafuata hadhi ya mwenye nyumba. Kilimo 140,000, benki 592,000. Mwalimu, pengo unalolitafuta limechapwa humo humo kwenye amri. Inamzuia mtu asishuke chini ya sekta yake, basi. Na mkulima wa jembe la mkono hana mwajiri wa kumbana, hiyo amri haimhusu kabisa.

Kinyozi Mbagala: Kumbe nikapige deki kwa balozi. Wanapokea wanaume?

Mwl. wa Zamu: Turudi kwenye mada. 2022 ilitangazwa asilimia 23.3, kila mtu akapiga hesabu kwa mshahara wake. Julai ilipofika, asilimia yote ile ni ya kima cha chini, waliokuwa juu wakaambulia kiduchu. Yaani ndani ya utumishi pengo lilipungua kweli, na tulionuna ni sisi.

Binti Singano: Mwalimu naye ana dada wa kazi. Anamlipa ngapi?

Mwl. wa Zamu: Hilo ni la familia.

Mama Abdul: Langu mbona halikuwa la familia?

Kipanga: 😂😂 Mwalimu kaingia kwenye kumi na nane.

Binti Singano: Cheka tu. Mimi hiyo kazi nimeifanya, Mwanza, 2014. Amri ya wakati ule ilisema 40,000, nilipatana 30,000, na hela "inatunzwa" na mama mwenye nyumba. Siku naondoka akatoa daftari: vikombe viwili, sahani moja, chupa ya chai, mkaa ulioungua bure. Nikapewa nauli. Mnaposema anakula bure mkumbuke na daftari.

Mama Abdul: Mimi sina daftari.

Afisa Utumishi Mstaafu: Binti, ungekwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, madai ya mshahara ni ndani ya siku 60.

Binti Singano: Mzee wangu, nikiwa na miaka 17, sina mkataba, sina hata pa kulala, nikaulizie CMA iko mtaa gani?

Afisa Utumishi Mstaafu: Ndiyo maana nasema watu wajue. Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye, si mfanyakazi.

Mama Abdul: Hata kwa dada wa nyumbani?

Afisa Utumishi Mstaafu: Hata kwake.

Mama Abdul: Haya, mwenye mfano wa huo mkataba auweke hapa. Na Kipanga asinijibu.

Kinyozi Mbagala: Na mimi, nina kijana wa kuosha vichwa, analipwa kwa kichwa. Huyo anaandikwaje?

Mwl. wa Zamu: Mzee Mstaafu, nami nitumie. Pembeni.