Namwombea mama huku nina shaka, isije kuwa ni mimi nazuia uponyaji wake?

Kifungua Mimba:
Wakuu habari za jioni, naomba mnisome mpaka mwisho na wale wa matusi mpite tu.

Mama yangu figo zote mbili zimefeli, anasafishwa damu Jumatatu Jumatano na Ijumaa, masaa manne kwenye mashine, huu mwaka wa pili. Maji ya kunywa anapimiwa kikombe, ndizi alizokulia nazo marufuku. Mkono wa kushoto walimuunganishia mishipa, wanaita fistula (sio ile ya uzazi, hata mimi nilishtuka mara ya kwanza), na nesi alinifundisha kila siku niweke vidole pale nisikie, ikitetema kama simu iliyowekwa vaibresheni basi damu inapita, ikinyamaza tumkimbize hospitali.

Sasa shida yangu iko hapa. Kila usiku namshika mkono huohuo namwombea kwa sauti, Bwana mponye, Bwana mpe figo mpya, na yeye anaitikia amina kwa nguvu zake zote, halafu nashtukia vidole vyangu vimeshasogea vyenyewe pale kwenye mshipa vinakagua. Yaani mdomo unaomba, vidole vinapima.

Kuna mchungaji kwenye mkesha alisema kuomba huku una shaka ni kujenga mchana ukabomoa usiku, akasoma Yakobo sura ya 1, mwenye shaka ni kama wimbi la bahari, asidhani atapokea kitu. Kanisa zima amina. Mimi nikaangalia chini. Tangu siku ile silali vizuri, nawaza isije kuwa mama haponi kwa ajili yangu. Kuna aliyepitia hii? Shaka mnaitoaje?

Mzee wa Kibarazani:
Pole sana mwanangu. Huyo mchungaji angefungua na Matendo 12. Petro yuko gerezani, watu wamekusanyika nyumbani kwa mama yake Marko wanamwombea, Petro anatolewa na malaika anakuja anabisha hodi, kijakazi anaitwa Roda anasikia sauti yake anakimbia ndani kwa furaha, mlango kasahau kuufungua, na hao waombaji wenyewe wanamwambia una wazimu. Jambo walilokuwa wanaliomba ndilo hilo liko mlangoni! Na Petro keshatoka zamani. Hiyo habari huwa inanichekesha kila nikiisoma, mtu kasimama nje usiku anabisha tuuu. Na yule baba wa Marko 9 mwenye mtoto wa kifafa, aliungama kutoamini kwake mbele ya Yesu mwenyewe na mtoto akapona.

Sina Dini Tena:
Mkuu okoa muda, hakuna anayesikia. Figo ni figo. Vidole vyako ndio vyenye akili hapo.

Bint Makorora:
@Sina Dini Tena wewe kila mahali lazima upite? Kaka kauliza kitu kinamuumiza.

Kaka mimi ni Muislamu, nisamehe nikileta ya kwetu. Nabii Ibrahim alimuomba Mola amuonyeshe anavyohuisha wafu, akaulizwa kwani huamini, akasema naamini ila ili moyo wangu utulie, iko Baqara aya ya 260. Hakupigwa radi, aliambiwa achukue ndege wanne. Nabii huyo, sembuse mimi na wewe.

Halafu nikwambie la kwangu. Marehemu baba nilimuombea miezi minane, shaka sikuwa nayo hata chembe, wallahi nilishamshonea kanzu ya Idi. Akafariki Alhamisi baada ya alasiri, kanzu bado iko kwa fundi haijatiwa vifungo. Sasa kwa hesabu ya mchungaji wako mimi nilikosea wapi? Hiyo hesabu inanigomea.

Sina Dini Tena:
Dada pole. Sikukusudia huko.

Mama Wodi Tatu:
Mie nesi mstaafu, acha niongee ya dunia kidogo maana ya mbinguni wameshayasema wenzangu.

Kwanza hivyo vidole usiviondoe. Fistula ikiganda usiku ukaja kugundua siku ya mashine ni balaa, kwa hiyo kukagua kwako ni kumtunza mama, usijipe dhambi isiyokuwepo. Pili, kama daktari kasema ni figo sugu basi mashine inamshikilia tu. Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017, Benjamin Mkapa Dodoma 2018, na anayetoa ni ndugu wa mgonjwa. Nimesoma bandiko lako mara mbili, mchungaji yumo, nesi yumo, ndugu sijawaona. Mko wangapi kwa mama? Nani kapima?

Kifungua Mimba:
Mama yangu, swali lako nimeliona toka saa sita mchana nikafunga simu, nikabeba abiria kama watano nikarudi kulisoma tena.

Tuko watatu. Anayenifuata ananyonyesha, wa mwisho ana miaka 16. Mimi nina 31 na grupu la damu ni moja na mama, nalijua tangu siku ile alipohitaji damu. Hakuna aliyeniuliza kitu, mama mwenyewe hajawahi hata kutamka, na mimi nikajifanya sijui linaloendelea. Nina watoto wawili, naendesha bodaboda, nikilala miezi na mshono watakula nini. Na naogopa kisu, nisidanganye watu. Nikikumbuka vizuri ile "mpe figo mpya" huwa naitamka kwa sauti kubwa kuliko maneno mengine yote. Nilikuwa nadhani ndiyo imani.

Sina Dini Tena:
Kisu hata sisi tusio na dini tunakiogopa mkuu.

Mama Wodi Tatu:
Mwanangu kupima sio kukubali. Wengi wanapimwa wanakutwa hawafai, wengine wanafaa na wanasema siwezi, na ni haki yao. Omba uonane na daktari peke yako, mama asiwepo, useme yote hayo ya boda na watoto. Nenda asubuhi mapema maana foleni unaijua.

Bint Makorora:
Na mama mwambie. Anajua huyo, wamama wanajua.

Kifungua Mimba:
Kesho ni Jumatano, siku yake ya mashine, nitaulizia pale dirishani akishaunganishwa.

Usiku huu nimemshika mkono kama kawaida nikashindwa kuanza. Tumekaa kimya weee, mwisho akaanza yeye, akaniombea mimi, pikipiki yangu, na watoto mmojammoja kwa majina. Mimi nikaitikia amina.

Mshipa unatetema vizuri.