Trekta ya kukatia majani imefika jana, naanzia wapi kabla sijaiwasha?

mchaga_wa_ohio:
Wakuu habari za jumapili. Tulihamia hii nyumba mwaka jana, kiwanja ekari moja na nusu, msimu mzima nilikuwa nakata na kale kamashine ka kusukuma mpaka mgongo ukagoma, sasa nimejikamua nimenunua ile ya kukaa juu. Imekuja kwenye fremu ya chuma, siti imekunjwa, usukani uko kwenye mfuko, betri haijafungwa waya, na jamaa aliyeileta kanisainisha karatasi kaondoka zake. Kwetu Moshi majani ni fyekeo, haya madude siyajui. Afu nina watoto wawili tangu jana wanagombania nani atapanda wa kwanza. Nifanye nini kabla sijapiga ufunguo?

spana_kumi:
Hongera mkuu. Oili kwanza, usije ukadhani lazima wameweka kiwandani, nyingine zinakuja nayo nyingine zinakuja kavu na injini ikizunguka kavu hata dakika chache umeshaiua. Iweke sehemu tambarare, chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena ndo usome.
Betri funga nyekundu kwanza, nyeusi mwisho. Ukifunga nyeusi mwanzo afu spana ikaponyoka kwenye nyekundu ikagusa bodi, hizo cheche zake hutozisahau.
Upepo wa tairi pima zote nne maana mara nyingi zinajazwa kupita kiasi kwa ajili ya safari. Upande mmoja ukizidi deki (lile bati la chini linalofunika visu) inakaa upogo na majani yako yatatoka kama umenyolewa na kinyozi mlevi. Kwahiyo upepo kwanza, usawa wa deki baadae, watu wengi wanageuza afu wanalaumu mashine

baba_kevo:
Na petroli chunga, isizidi 10% ya ethanoli (ile pombe wanayochanganya kwenye petroli). Hizo pampu za E15 na E85, zenye ethanoli zaidi ya hiyo, zinavutia kwa bei ila sio za hii injini. Dumu usilijazie kwenye boksi la pikapu, hasa kama lina plastiki chini, lishushe chini kabisa ndo ujaze, umeme tuli unawasha moto kweli

nesi_mnyamwezi:
Kaka mi naongelea hao watoto. Kupakatwa HAPANA, hata ile ya raundi moja tu. Ukiwapa raundi leo, siku nyingine wakisikia injini watakukimbilia kwa nyuma wakidhani ni zamu yao, na wewe ukiwa unarudi rivasi huwaoni. Wakae ndani na mtu mzima, sio barazani. Madaktari wa watoto huku Marekani wanasema chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa.
Halafu swichi za usalama zijaribu mwenyewe kabla ya kazi. Jaribu kuwasha bila kukanyaga breki, isiwake. Jaribu huku swichi ya visu iko oni, isiwake. Ikishawaka washa visu ukiwa uwanja mtupu, inua makalio kidogo kwenye siti bila kushuka, inatakiwa izime na visu visimame ndani ya sekunde kama 5. Ikikataa hata moja irudishe, na asikudanganye mtu uunganishe waya wa siti moja kwa moja eti inasumbua

mchaga_wa_ohio:
Asanteni sana. Oili ilikuwepo, tairi za nyuma zilijazwa kama mpira wa kikapu nimezipunguza mpaka ile namba ya kwenye kitabu, swichi zote zimefaulu. SASA imewaka vizuri lakini haisogei!! nakanyaga pedeli inanguruma tu. Nimeuziwa mbovu au?

spana_kumi:
Hahaha tulia mkuu. Zima, nenda nyuma karibu na pale pa kufungia trela kuna kifimbo cha kuachia giaboksi, wanakiweka hivyo ili waisukume kwa mkono wakati wa kuishusha. Kirudishe kwenye nafasi ya kuendesha. Afu kabla ya kukata nenda mbele na nyuma taratibu mara kadhaa hewa itoke kwenye giaboksi

mchaga_wa_ohio:
Ndo chenyewe! Inatembea. Mke wangu kanichungulia dirishani anacheka, nimezunguka uwanja mara tatu visu vimezimwa. Nyuma kuna kamteremko, nikate kwa kukatiza au vipi?

baba_kevo:
Hiyo ya usukani panda na kushuka, usikatize, itakulalia. Na pakiwa pakali sana hapo rudia kamashine kako ka kusukuma, hako ndo unakatisha kwa ubavu, sio juu chini

mchaga_wa_ohio:
Mgongo wangu umesikia hiyo 😩