Walifariki au waliuawa?

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi, Gungu*

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Neema kapewa ngonjera ya Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni. Mstari mmoja umenikwaza: "Sabini na sita kule, Soweto walifariki." Yaani wale wanafunzi wa Afrika Kusini waliopigwa risasi na polisi 1976, mtu atadhani ni kipindupindu!

Bamkubwa: Marahaba. Mwalimu ana sababu zake, kutakuwa na mgeni rasmi. Mtoto wa darasa la sita msimbebeshe mazito.

Mama Neema: Bamkubwa, waliokufa nao walikuwa watoto. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12. Wametoka na sare zao na mabango, wanaimba, wanakataa kulazimishwa kusoma hisabati kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Polisi wakawarushia mabomu ya machozi, kisha risasi za moto.

Juma: Mimi nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, kampasi ya Mazimbu. Ndipo ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walipojenga shule kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya Soweto, eneo wamepewa na serikali yetu 1977. Wengine hawakurudi tena kwao, makaburi yao yako palepale.

Shangazi Zuhura: Niseme langu. Mwaka wa pili chuoni tulikaa chini barabarani kudai bumu (hela ya kujikimu), limechelewa wiki saba. Tumekaa tu, tunaimba. Bomu la kwanza likatua kwenye beseni la mama muuza maandazi. Nilikimbia na kiatu kimoja. Macho yanawaka, kamasi zinatoka, na yule mama bado anaokota maandazi yake huku anakohoa. Jioni redio ikasema "hali imetulia". Basi. Hilo "walifariki" ni ndugu yake "hali imetulia".

Bamkubwa: Zuhura, hukuwahi kutuambia.

Shangazi Zuhura: Nilimwambia mama tu. Kaka, wewe ulikuwa bado kazini.

*(Dakika kumi na moja kimya.)*

Bamkubwa: Nimevaa magwanda miaka 31. Niliwahi kusimama kwenye mstari mbele ya wanafunzi. Wa mbele yangu alikuwa amekumbatia daftari. Tulifundishwa: onya kwanza, wape muda watawanyike, nguvu iwe ya mwisho na iwe ya kiasi. Siku ile onyo na amri vilikuja pamoja. Nilimpiga kirungu begani. Daftari likaanguka, akainama kuliokota, nikampiga tena.

Juma: Pole bamkubwa.

Bamkubwa: Pole ni ya yule kijana. Mama Neema, mtoto aseme waliuawa. Kesho nitamfuata mwalimu mwenyewe, tunafahamiana.

Juma: Na mizani haiharibiki! Wa-li-fa-ri-ki tano, wa-li-u-a-wa tano.

Mama Neema: Asanteni jamani. Nimeongeza na mstari wa pili:

*Sabini na sita kule, Soweto waliuawa,*
*Wana mabango na wimbo, risasi wakajibiwa.*

Shangazi Zuhura: Hapo sawa 🙏🏾

Mama Neema: Nimemwonyesha ile picha aliyoipiga Sam Nzima, Hector amebebwa mikononi. Anauliza yule msichana anayekimbia pembeni, kainua mkono, ni nani.

Juma: Dada yake. Antoinette.

Mama Neema: Anasema na yeye lazima atajwe. Anahesabu silabi kwa vidole.