Gemu langu la marubani waasi: kila mtu anachagua kuasi bila hata kusoma, nifanyeje?

rubani_wa_ngamiani

Wakuu habari za saa hizi. Mie niko Tanga, Ngamiani hapa, nina miezi kama mitano naandika gemu la kusoma, yaani halina picha halina mlio, ni maandishi tu, unasoma kipande, chini unakuta mambo mawili matatu ya kuchagua, unabonyeza moja stori inaelekea huko. Natumia programu ya Twine kwasababu ni ya bure na ukimaliza inakutolea faili moja la HTML, unamrushia mtu Whatsapp anafungua kwenye simu hata kama hana bando.

Stori yenyewe ni dizelipanki. Kwa asiyejua, wanachukua mashine za miaka ya 1920 mpaka 1940 hivi, mapangaboi, moshi, redio za valvu, meli za angani, halafu wanazikuza kana kwamba dunia iligota hapo. Ya kwangu ni pwani yetu hii hii, mwaka 1936 wa kubuni. Kampuni moja ya mkonge inamiliki anga lote toka Tanga mpaka Moshi, katani inapita juu kwa juu, reli imeota majani, manamba, yaani vibarua wa mashamba, wanapandishwa meli ya angani na vipande vyao mfukoni, zile kadi za kuhesabia siku za kazi. Wewe ni rubani wa kampuni, unakula kwa kampuni, unalala nyumba ya kampuni. Inaanza hivi: "Unabonyeza swichi, plagi zinapiga cheche, dizeli mbili zinaunguruma." Afu mashambani kunaanza kuchemka.

Shida iko ukurasa wa 6:

"Mwajuma anaweka taa chini. Watu kumi na moja wanakutazama. Anakuuliza, uko na sisi au uko na wao?"

Chini kuna Niko nanyi, na Niko na kampuni. Basi.

Nimewapa watu tisa wacheze. Wote tisa niko nanyi. Mmoja kabonyeza hata hajamaliza kusoma, nilikuwa namwangalia. Nikamuuliza mbona haraka hivyo, akanambia "sasa we umeniandikia gemu la uasi, nikatae nikafanye nini". Nikakosa jibu.

La pili, nilijitia kuandika njia zote, kila njia ikazaa mbili, zile mbili zikazaa, sasa nina kurasa 140 na ndege haijavuka Korogwe. Nisaidieni.

ngoja_waje

Waja leo waondoka leo. Tanga kunani tena mpaka ndege zinaasi 😂 natandika mkeka hapa nasubiri wataalamu

mwana_kaole

Kaka pole, kurasa 140 si mchezo. Mie niko Bagamoyo, nshaandika mawili madogo madogo ya hivyo kwa hiyo hiyo Twine, nayajua machungu yake.

La kurasa ndio jepesi. Usiache kila uamuzi uende na stori yake mpaka kiama. Njia ziachane, zitembee kurasa tatu nne, zikutane tena, kama watu waliopita vichochoro tofauti wakatokea sokoni. Cha kubaki tofauti ni kile ambacho gemu linakumbuka. Twine inakuwekea namba, unaipa jina, mfano $mafuta inaanza na 60, $deni inaanza na sifuri, mchezaji anavyokwenda unapunguza na kuongeza kimya kimya, huko mbele maneno yanabadilika kutokana na namba hizo. Ukurasa ni ule ule mmoja ila aliyemtelekeza mtu Muheza atasalimiwa vingine na yule aliyerudi kumchukua.

La ukurasa wa 6, mie ningelifuta lile swali lote. Nani anaulizwa hivyo? Mtu anaasi kidogo kidogo mwenyewe hajijui. Leo umepakia marobota ya katani unasikia kikohozi ndani ya robota, unafungua au unaondoka hivyo hivyo? Kesho karani anakuuliza mbona lita arobaini hazionekani kitabuni. Siku Mwajuma anakutazama jibu ulishalitoa wiki tatu nyuma, yeye anakusomea tu.

Na nakuomba sana, kazi yako usiiache kwenye brauza peke yake. Ile Twine ya kufungulia mtandaoni stori inakaa ndani ya brauza, mtu akifuta data umekwisha. Mie nilikuwa naandikia kwenye kompyuta ya kukodi kwenye kibanda kimoja, kijana wa pale jioni akafanya "usafi", wiki zangu tatu zikaenda na maji. Nililia kweli, sikufichi. Kila ukimaliza toa nakala jitumie kwenye simu.

rubani_wa_ngamiani

Da asante, hilo la robota linalokohoa nimesoma nikasimama. Nakala sina, naenda kutoa sasa hivi.

FundiNozo

Mie sio mtu wa magemu, mie fundi dizeli, nashinda na majenereta na mashine za mashua, nimeingia huku kwa kufuata neno dizeli. Mdogo wangu, sentensi yako ya kwanza tu ishaharibika. Dizeli haina plagi za cheche! Inaminya hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto, nozo inapuliza mafuta, yanawaka bila kiberiti. Ndio maana chuma chake kizito, ule mminyo si wa kitoto.

Na injini kubwa hauwashi kwa swichi kama taa ya sebuleni. Zile kubwa nyingi zinapigwa upepo, kuna mtungi wa upepo umebanwa humo, unafungua unasukuma pistoni mpaka ishike. Tuseme mtungi wako una pumzi za mara tatu. Mara tatu zimepita haijashika, umekwama, mpaka uende kwenye kile kimashine kidogo cha hendeli, ukiwashe, kijaze mtungi upya taratibuuu, na wewe huku unasikia lori la askari linapanda kilima. Sasa hapo mtu atabonyeza bila kusoma?

Halafu mafuta. Petroli ikiisha unaongeza unawasha unaondoka. Dizeli ukiiacha ikauke imekula hewa, hata ujaze tangi hadi shingoni haiwaki ng'o. Unalegeza nati ya pale kwenye pampu, unapampu kwa mkono, linatoka povu, linatoka povu, mpaka yaje mafuta matupu yasiyo na povu ndio unakaza. Mikono yote inanuka wiki nzima. Kwahiyo rubani wako akichezea lile tangi, adhabu yake sio kushuka namba tu, ni kukaa chini porini na spana usiku. Mie nishawahi kufanya hivyo ndani ya mashua inayoyumba nje ya Raskazone, tochi mdomoni, nakwambia hakuna vita mbaya kama ile.

Jingine, dizeli za kuruka zilikuwepo kweli miaka hiyo, hujabuni. Wajerumani walikuwa nayo Junkers Jumo 205, silinda sita lakini pistoni kumi na mbili, mbili mbili zinatazamana ndani ya silinda moja, haina silinda hedi wala vali. Safari ndefu ya mwendo mmoja ilikuwa tamu mno, inakunywa kidogo, wakazifunga kwenye ndege za maji za kuvuka Atlantiki. Walipoifunga kwenye ndege ya kudondosha mabomu ikaonekana haipendi kukanyagwa na kuachiwa, kukanyagwa na kuachiwa. Umeona? Rubani wako hawezi kukimbia kwa kuchezesha mafuta akishaonwa. Inabidi aamue kuondoka mapema, kabla hajawa na uhakika. Nenda kaandike hiyo.

ngoja_waje

Fundi umeua 🙌 kumbe hata Hindenburg ile iliyoungua 1937 injini zake nne zilikuwa za dizeli, ila kilichoungua ni ile gesi ya haidrojeni

mzee_wa_chumbageni

Vijana nimewasoma wote, mada nzuri. Ila binti yangu wa Kaole hapo kwenye kufuta swali sikubaliani nawe, na nitasema kwanini.

Hii kampuni mnayoiita ya kubuni haijabuniwa sana. Mwaka 1888 waliokuja kushika pwani hii hawakuja kama serikali, ilikuwa kampuni, ya Wadachi, yaani Wajerumani, iliyokodishiwa pwani na Sultani wa Unguja ikusanye ushuru. Agosti ile wakafika Pangani na bendera yao, mji ukawaka, moto ukashuka mpaka Bagamoyo. Kampuni ikashindwa, ndipo serikali yao ikamleta afisa wao Wissmann na askari aliowaandika Misri na Msumbiji. Abushiri bin Salim, kiongozi wa uasi ule, wakamnyonga pale pale Pangani, Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani akaendelea kuwasumbua.

Sasa sikilizeni. Huyo Abushiri tunayemsifu, na mimi namsifu, alikuwa na shamba la miwa Pangani na watumwa ndani yake. Mtumwa wa shamba lile ukimwendea usiku na taa ukamuuliza uko na sisi au na wao, yeye "sisi" yake ni nani? Hapo ndipo swali la kijana linapokuwa na meno. Tatizo la ukurasa wa 6 ni kwamba Mwajuma wake hana doa, na wale watu kumi na moja hawana doa. Mpe Mwajuma kitu. Labda kaka yake ndiye nyapara anayekata siku za watu kwenye kipande. Labda waasi wanataka kuchoma bohari na mle wamelala watoto. Swali libaki, ila anayejibu "nanyi" ajue anaingia na nani.

Na meli za angani, mnajua moja ilikuwa njiani kuja huku? Novemba 1917, Wajerumani waliituma L 59 kutoka Bulgaria imletee von Lettow-Vorbeck, jemadari wao aliyekuwa anapigana huku, risasi na dawa, kama tani 15. Ikavuka bahari ikavuka jangwa, ikafika Sudan ikaitwa kwa redio igeuke. Masaa 95 hewani bila kutua, zaidi ya kilomita 6,700 kwenda na kurudi. Na mpango wenyewe ilikuwa ifike isirudi, kule ingeanguliwa, ngozi yake ishonwe mahema. Chombo cha kwenda tu. Huo mwisho wa gemu nakupa bure.

mwana_kaole

Mzee shikamoo. Nimeshindwa hapo kwenye mtumwa wa shamba la miwa, nakubali. Swali libaki, ila lije na njaa na kipande na kaka nyapara juu yake, sio taa peke yake.

mzee_wa_chumbageni

Marahaba binti yangu.

malenga_makorora

Mmemaliza injini mmemaliza vita, lugha hamjaigusa. Ndege kwetu ni yule wa mbawa, ni chombo, na ni bahati ya safari, mtu anatoka asubuhi anakutana na jambo anasema leo nimetoka na ndege mbaya. Lugha ngapi zina neno moja la mambo hayo matatu? Mleta mada weka namba iliyofichwa uiite $ndege, mchezaji asiione kabisa, akimpa mzee maji inapanda, akimruka mtu barabarani inashuka, halafu wale wafanyakazi wa uwanjani wawe wanasema tu "leo una ndege njema" au wanyamaze. Asijue kama wanamsifia chombo au wanamsoma yeye.

Na usijaribu ile mitindo ya mchezaji kujiandikia amri mwenyewe. Kwenye Kiingereza mtu anaandika neno moja la kuchukua yamekwisha. Hapa huyu ataandika chukua, yule kichukue, yule nakichukua, mwingine nshakichukua, programu itajinyonga. Baki na kubonyeza.

rubani_wa_ngamiani

Wakuu sijalala. Nimetoka saa nane usiku nikaenda kusimama nje, nikarudi nikafuta kurasa 90 bila huruma (nakala nimejitumia kwanza, da Kaole usinigombeze). Ukurasa wa 6 wa sasa huu:

"Kaka yake Mwajuma amelala kwenye mkeka, kitabu cha vipande kiko chini ya kichwa chake. Ukikivuta ataamka. Ukikiacha, kesho watu kumi na mmoja watasomewa siku ishirini na nne badala ya thelathini. Nje, mtungi umebakiwa na pumzi moja. Mwajuma hakuulizi kitu. Anakuangalia mikono."

Chini kuna Kivute, Kiache, na Muamshe.

Nimempa yule yule aliyebonyeza haraka. Kakaa na simu mpaka chai ikapoa na mkate wake wa ajemi hajaugusa. Kachagua Muamshe. Sikuwa nimeiandikia chochote ile, niliiweka tu iwepo, ikabidi nimwambie subiri kesho.

FundiNozo

😂😂 kaandike sasa. Na ule ukurasa wa kimashine kidogo ulionirushia, umeandika anashika hendeli "kwa nguvu zote, dole gumba limezunguka chuma". Hapana. Dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, mashine ikipiga kinyume hendeli inateleza inaondoka. Ukilizungusha linaondoka na mkono.

rubani_wa_ngamiani

Kaka fundi hiyo naiacha hivyo hivyo. Huyo ni rubani, hajawahi kushika hendeli maisha yake. Ukurasa unaofuata anaruka na mkono mmoja.