Naomba ushauri: visahani vya pizo vinawasha taa, simu haviiwezi

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi simu hapa Manzese, kibanda changu kimepakana na mashine ya kusaga. Ikiwashwa asubuhi, hata bisibisi zinatembea mezani zenyewe. Nikawaza, huu mtetemo wote unapotea bure na umeme wa luku kila siku nanunua!

Nimenunua Kariakoo visahani 12 vya pizo, vile vya shaba vinavyotoa mlio kwenye saa za mezani; vikitikiswa au kukandamizwa vinatoa umeme kidogo. Nimevibana chini ya kitako cha mashine (mwenye mashine ameridhia, ila ananicheka), nikaviunga vyote sambamba, kisha dayodi 4 za daraja (zinageuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja) na kapasita ya kutunza chaji ya mikrofaradi 1000.

Mita inapanda taratibu mpaka volti 14. Kitaa kidogo chekundu kinawaka, kinafifia. Lakini nikiweka kishusha volti na kuchomeka simu, volti zinaanguka hapo hapo, hata alama ya chaji haitokei. Najua simu inataka volti 5 na angalau nusu ampea, yaani wati 2.5. Nimebadilisha kapasita mara mbili, hali ni ile ile.

Maswali yangu ni haya: je, kila kisahani kiwe na daraja lake la dayodi, maana nahisi vinatetemeka kwa kupishana na kulana vyenyewe? Au niachane na pizo, nijaribu sumaku inayotikisika ndani ya koili (waya uliozungushwa)? Aliyewahi kufanya naomba anielekeze.