Ushauri wakuu: mkusanyiko upi wa Lionel Richie unafaa kwenye sherehe ya mzee?

mtoto_wa_pili
Wakuu habari za jioni. Nisiwachoshe, Jumamosi hii tuna sherehe ya familia Morogoro, mzee wangu anatimiza miaka 70 na mimi ndo nimepewa kitengo cha muziki. Mzee ni mtu wa Lionel Richie, sio kidogo, pale nyumbani tumekua na sauti ya yule jamaa kuliko hata ya taarifa ya habari. Sasa naona kuna Back to Front ya 1992, kuna The Definitive Collection ya 2003, na dogo mmoja ananiambia niachane na mikusanyiko yote nipakue tu nyimbo nijaze kwenye flashi. Wenye uzoefu mnaonaje, upi una nyimbo za maana? Lazima Still iwepo, Sail On iwepo na My Destiny iwepo, hizo tatu hazina mjadala. Natanguliza shukrani.

Spika Mbovu
Back to Front, funga uzi. Zote tatu zimo. Kuna watu wanaiponda eti kampuni ilibandika nyimbo mpya tatu ili ununue tena vitu unavyo tayari nyumbani, lakini tuwe wakweli, mpaka hapo jamaa alikuwa na albamu tatu tu za kwake peke yake, ile ya 1982, Can't Slow Down ya 1983 na Dancing on the Ceiling ya 1986, halafu akakaa kimya miaka 6. Ungekusanya nini hapo? Ndo maana wakachota na za enzi za bendi yake ya zamani, Commodores, yaani Easy, Three Times a Lady, na hizo mbili zako za mwanzo. Bila Commodores ule mkusanyiko ungekuwa mchuzi maji. Mimi dukuduku langu ni Ballerina Girl kuachwa, sijawasamehe mpaka leo.

Konda Mstaafu
Hakikisha na Nightshift ipo, wazee wanaipenda sana ile.

Spika Mbovu
Konda, Nightshift sio Lionel. Alishaondoka Commodores tangu 1982, Nightshift wameitoa 1985 wakiwaomboleza Marvin Gaye na Jackie Wilson. 

Konda Mstaafu
Mkuu mimi nimeipiga kwenye basi miaka na miaka na kaseti ilikuwa imeandikwa Lionel Richie.

Bluzi ya Mwisho
Mmenikumbusha mbali jamani. Disko la Jumapili mchana, mnaruka weee mpaka jasho, ikifika saa kumi na moja na nusu DJ anazima taa moja anaweka Hello. Hapo ndo unajua nani kaja na nani. Mimi mke wangu nilimpata kwenye Hello, au niseme nilimpata kwenye Penny Lover maana Hello alinikatalia akacheza na jamaa mmoja wa chuo cha ualimu ana suruali ya bugaluu wakati mtindo ulishapita. Ile video yake mnaikumbuka? Yule binti asiyeona anafinyanga kichwa cha Lionel kwa udongo, mwisho anamwonyesha, kichwa chenyewe wala hakifanani naye, na jamaa anajifanya kafurahi. Sasa kuhusu swali lako mtoa mada, chukua chochote, wote huishia kupiga nyimbo zile zile sita.

Nyanya wa Eastleigh
Huku Nairobi Lionel, Kenny Rogers na Don Williams tushawapa ID ya Kenya kitambo. Na mjue Lady ya Kenny Rogers ni Lionel aliiandika, 1980 hiyo. Me huwa naona hizi greatest hits zinadanganya mtu, unapata tu ballads zimepangwa mstari mmoja hadi unaskia usingizi, kumbe Running with the Night iko na ile gitaa ya Steve Lukather na haipati heshima yake. Weka All Night Long mapema kabla wazee washibe. Hapo anaposema jambo kila mtu ataamka, ingawa yale maneno mengine yote alijitungia tu, mwenyewe amekubali hayana lugha.

Mama Kijacho
Samahani mtoa mada, nina swali dogo. Mbona nyimbo ulizosema hazina mjadala mbili ni za kuachana? Sail On mtu anamuaga mwenzie, nimechoka, kwaheri. Still ni watu wameshashindwana wanaambiana bado nakupenda ila basi. Kwenye besdei? Kwa nini sio Three Times a Lady, ambayo ameitunga baada ya kumsikia baba yake akimsifia mama yake kwenye sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yao?

mtoto_wa_pili
Dada nashukuru kwa mchango. Hizo ni nyimbo za mzee na mama, wana historia nazo. Mama alirekodi kanda, TDK ya dakika 90, ubavuni kaandika L. RICHIE kwa peni ya bluu, na ipo kwenye droo ya mzee mpaka leo. Say You, Say Me inakatika pale pale katikati inapotaka kuchangamka sababu upande A uliishia hapo, sisi watoto tulikua tukijua ndo wimbo unavyoisha. Niliposikia orijino chuoni nilijua wamefanya rimiksi. Nyimbo zilizokuwa kwenye ile kanda ndo nazitaka, sio zaidi. Swali langu ni ubora wa sauti tu, CD au flashi?

Mama Kijacho
Hujajibu. Mzee na mama wanaishi pamoja?

mtoto_wa_pili
Hilo halihusiani na sauti.

Fundi wa Mchana
Nimekaa paleeee

Bluzi ya Mwisho
Dogo jibu, hapa wote wakubwa.

mtoto_wa_pili
Sawa. Hawaishi pamoja. Mama aliondoka 89 mimi nikiwa mdogo, yupo kwao Tanga. Hakuna aliyefukuza mwenzie, hakuna talaka, ndoa ni ya kanisani na ipo. Nimemtumia nauli na anakuja. Mpango wangu ni akiingia tu getini DJ anawasha Still. Mzee akisikia anageuka, mama amesimama pale. Yaliyobaki watamaliza wenyewe, ni watu wazima.

Fundi wa Mchana
Duh.

Mkaa Jumuiya
Kijana, ndoa ya kanisani haivunjwi na DJ na haiungwi na DJ. Kaa na wazee wa pande zote mbili, nenda kwa paroko, mambo haya yana utaratibu wake. Vijana wa siku hizi mnadhani kila kitu ni sapraizi.

Nyanya wa Eastleigh
Mama yako anajua anakuja kwa birthday ya nani?

mtoto_wa_pili
Anajua ni kipaimara cha mwanangu.

Nyanya wa Eastleigh
Woiye.

mtoto_wa_pili
Ningemwambia ukweli asingekuja, mnamjua nyie? Mimi ndo namjua. Na msiniambie niahirishe, turubai limelipiwa, DJ kachukua nusu ya hela, kadi zimetoka. Nimekuja hapa kuuliza mkusanyiko wa Lionel Richie na sio malezi.

Spika Mbovu
Turudi kwenye mada basi. Kama Still ndo inabeba mpango mzima usiitegemee CD, itakugomea kwenye sekunde ambayo unaihitaji. Weka kwenye flashi, faili la kwanza kabisa, uandike 01 mbele. Na mwambie DJ asiongee juu ya ule mwanzo wa piano, hawa madj wetu wana ugonjwa wa kusalimia watu juu ya piano. Halafu hiyo Do It to Me kwenye Back to Front itoe. Ni wimbo mtamu, dakika sita hizo, lakini wanajumuiya wakiwepo jina lake tu litakuletea kikao.

Bi Mkora
Mimi nina swali la jikoni. Hiyo sherehe ya Jumamosi pilau anapika nani?

mtoto_wa_pili
Mambo ya chakula yapo kwenye kamati.

Bi Mkora
Kamati ina mwenyekiti. Nani?

mtoto_wa_pili
Mama mdogo.

Bi Mkora
Mama mdogo mdogo wake mama, au mama mdogo wa baba yupo ndani ya nyumba?

mtoto_wa_pili
Yupo nyumbani na mzee. Tangu 95.

Fundi wa Mchana
😂😂😂 nimeanguka kwenye kiti

Bi Mkora
Nilijua. Kwa hiyo mwanamke wa watu ataamka saa tisa usiku kuchambua mchele, akaange vitunguu, amtie mzee shati, halafu saa saba mchana wewe unamwashia Still ya mwenzie mbele ya wageni wake, na sahani anawapakulia yeye. Na hiyo Three Times a Lady mnayoipigia debe, mzee akiulizwa lady ni yupi atanyoosha kidole wapi? Mimi nimeshakuwa huyo mama mdogo, nimeolewa kwenye nyumba ambayo kila kabati lina harufu ya mwenzangu. Wakwe walikuwa wakija wanaomba wapigiwe kanda ya harusi ya kwanza. Nilikuwa najifanya nasahau umeme upo. Siku moja kanda ikaliwa na redio na mimi siku hiyo nilipika kuku.

mtoto_wa_pili
Mama mdogo sina ugomvi naye na namheshimu, ada yangu ya sekondari kalipa yeye. Ila mzee hana raha. Mtu mwenye raha hasikilizi nyimbo zile zile miaka yote hiyo.

Bluzi ya Mwisho
Mbona mimi nasikiliza zile zile na raha ninayo.

Konda Mstaafu
Mimi nilikuwa na kaseti mbili basi zima, hiyo ya Lionel yenye Nightshift na ya Boney M. Abiria hawakuwahi kulalamika.

Pingu za Karatasi
Wakuu subirini kidogo kabla hamjamlilia huyu bwana, mimi naona tunakunywa chai hapa bila vitafunwa. Someni vizuri. Anasema nyimbo zote tatu zilikuwa kwenye kanda aliyorekodi mama yake. Anasema mama aliondoka 1989. My Destiny imetoka 1992, ni moja ya zile mpya tatu za Back to Front, kabla ya hapo haikuwepo popote. Mama kairekodi vipi wimbo ambao Lionel mwenyewe alikuwa hajautunga? Mods tunaomba uzi uhamishiwe jukwaa la hadithi.

Fundi wa Mchana
Hahahaaa ameshikwa na Lionel mwenyewe.

Nyanya wa Eastleigh
Hizi ni stori za jaba. Na vile nilikuwa nimeanza kuskia uchungu.

Pingu za Karatasi
Na sio mara ya kwanza. Huyu huyu mwaka jana alifungua uzi anaomba wimbo wa kumsindikiza baba yake makaburini. Mzee amefufuka, hongera.

mtoto_wa_pili
Yule alikuwa baba mkubwa. Kwetu baba mkubwa ni baba, sijui nyie kwenu. Na hiyo kanda sijasema ilirekodiwa kabla ya 89, mmejisemea wenyewe. Nimesema mama alirekodi. Ililetwa na basi la Tanga, ndani ya mfuko wa machungwa, mimi ndo nilitumwa stendi kuuchukua. Nilikuwa darasa la nne au la tano.

Pingu za Karatasi
Sasa hivi machungwa yameingia. Kesho tutasikia na dafu.

Mama Kijacho
Pingu acha kwanza. Mtoa mada, umejisikia ulichoandika? Mama yako kaondoka 89. Miaka kadhaa baadaye akiwa kwao kakaa chini na redio, kachagua Sail On, kachagua Still, kampelekea mzee. Baada ya hapo hakurudi. Hiyo kanda ulifikiri ni ya mapenzi?

mtoto_wa_pili
My Destiny ni ya mapenzi. Jamaa anamwambia mwanamke wewe ndo hatima yangu. Kwa nini aiweke kama alikuwa anaaga?

Spika Mbovu
Hapo kwa kweli ana hoja. Inategemea imekaa wapi. Kama My Destiny iko upande A na Still ndo inafunga upande B, hiyo ni kwaheri. Ikiwa imegeuzwa, My Destiny mwisho, mama alikuwa anasubiri jibu. Kanda ilikuwa inapangwa kwa akili, sio kama pleilisti ya siku hizi unabonyeza ijichanganye yenyewe. Nyimbo ya mwisho upande B ipi?

mtoto_wa_pili
Sijawahi kuisikiliza mpaka mwisho. Mzee alikuwa anaizima kabla.

Bi Mkora
Basi na wewe zima.

Pingu za Karatasi
Mnaona anavyotunga? Kila akiulizwa kinaongezeka kipande. Picha ya kanda iko wapi? Weka picha hapa, ubavu wenye peni ya bluu.

mtoto_wa_pili
Ipo Morogoro kwenye droo, mimi nipo Dar. Naenda Ijumaa. Wewe usiyeamini pita, kuna nyuzi nyingi.

Mkaa Jumuiya
Hata kama ni hadithi, ina mafundisho.

Bluzi ya Mwisho
Mimi naamini. Mke wangu naye ana kanda ambayo hajawahi kuniambia alipewa na nani, na ina Hello mara mbili.

Fundi wa Mchana
Ya yule wa chuo cha ualimu hiyo 😂

Bluzi ya Mwisho
Fundi nakuheshimu.

mtoto_wa_pili
Wakuu nimeachana na malumbano. Nimeamua flashi, nyimbo 16 kama zilivyo Back to Front ukitoa Do It to Me, nimeongeza Ballerina Girl kumridhisha Spika. Still nimeiandika 01. Mama nimemwambia asubuhi hii kwamba mzee naye atakuwepo, kauliza nani anapika, nimemwambia, kanyamaza, halafu kasema basi atakuja na nazi zake. Sijui maana yake nini. Tatizo lililobaki ni DJ. Kanipigia sasa hivi kuuliza huyo Lionel Richie anaimba bendi gani, kasema kwenye laptop yake ana singeli na amapiano tu.

Nyanya wa Eastleigh
Mwambie ni yule jaji wa American Idol.

Konda Mstaafu
Mimi nipo Msamvu hapa hapa Morogoro, kaseti ninayo na redio ninayo. Mnanilipa nauli tu. Ila nakuja na Nightshift.