Ukoo wa Tandika: dawa ya Junior

Mama Junior: Shikamooni wakubwa. Tumetoka kliniki. Daktari kasema Junior ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia. Kataja dawa, methylphenidate, ila hajatulazimisha, katuambia tukafikirie. Baba Junior hataki hata kusikia. Naombeni mawazo.

Shangazi Zai: Marahaba. Dawa za vichaa kwa mtoto wa miaka 8?? Huyo mtundu tu. Baba yake alipanda mpaka juu ya bati la madrasa, nani alimpa dawa?

Baba Junior: Asante shangazi. Kuna mtoto mtaani kwetu anameza hizo za akili, anashinda amesinzia kama zezeta. Wangu hapana.

Bakari: Michango ya harusi mwisho Jumamosi jamani

Bakari: Samahani, endeleeni

Rehema: Kaka, dawa za akili si moja. Hii hailazi, ni kichangamshi. Ile ya kawaida inaanza kazi ndani ya saa moja hivi, na baada ya saa kama nne hivi nguvu yake imeisha.

Baba Junior: Kichangamshi?! Huyu ambaye hakai chini? Mnataka apae?

Rehema: 😂 Inaamsha ile breki ya ubongo. Ila sikufichi, hamu ya kula inapungua, usingizi unasumbua, wengine tumbo na kichwa. Ndiyo maana wanapima uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo. Na Shirika la Afya Duniani linataka wazazi wafundishwe kwanza namna ya kumwongoza mtoto, dawa baadaye, kuanzia miaka 6, kwa mtaalamu.

Mama Junior: Hayo ya kuongoza tumeshafanya wifi. Kazi moja moja, kukaa dawati la mbele, yote. Juzi nimefungua daftari la hesabu: maswali matatu ya kwanza yote vema, la nne kaandika nusu, halafu daladala imechorwa mpaka chini ya ukurasa, na konda yupo mlangoni. Mwalimu kaandika kwa nyekundu HAMALIZI. Usiku anajipiga kichwani, "mama mimi mjinga".

Baba Junior: Hilo la kujipiga hukuniambia.

Mama Junior: Unarudi kalala.

Bibi: 🎤 0:41

Rehema: Kwa walio kwenye mwendokasi: Bibi anasema mtoto akijichukia huo si utundu tena, apelekwe. Na kisomo kisiachwe.

Rehema: Swali kwa wakubwa. Kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kufa ghafla kwa moyo, akiwa kijana?

Shangazi Zai: Kaka yangu Salum. Alianguka uwanjani anacheza mpira, hata thelathini hajafika. Wakasema karogwa.

Rehema: Daktari anajua hilo?

Mama Junior: Ndiyo kwanza nasikia.

Rehema: Basi kidonge kisimezwe kabla daktari hajaambiwa. Huenda akataka apimwe moyo kwanza.

Baba Junior: Alhamisi nampeleka mwenyewe. Moyo ukiwa salama tutajaribu, na akikonda narudi naye hukohuko.

Rehema: Sawa kabisa. Na cheti msipoteze, dawa hii haiuzwi bila cheti, na si kila duka linayo.

Shangazi Zai: Sasa hiyo inanywewa kabla ya chai au baada?

Rehema: Mngoje daktari shangazi, ila wengi wanaambiwa mtoto ashibe kwanza, maana mchana atakataa chakula.

Shangazi Zai: Basi Ijumaa mniletee, mihogo ya nazi hawezi kuikataa.

Bakari: Na michango je?